Bibi wa Ujiji na Popo wa Darini

Kasongo nzima ilimjua Amisa kwa jina la Bibi wa Ujiji, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ukimkuta sokoni anachagua samaki wa mto Lualaba, hakosi kukunja pua na kusema kwamba hawa si samaki, samaki ni wale wa ziwani kwetu. Ukimwonyesha mchele mweupe, atakwambia wa kwao ni mweupe zaidi. Wanawake wa mtaa walimsikiliza, wakaitikia "ndiyo, bibi," na baadhi yao waliiga hata namna yake ya kujitanda kaniki. Ziwa lenyewe Amisa hakuwahi kuliona hata siku moja.

Alizaliwa Lusangi, kwa Wabangubangu, katika nyumba ya nyasi yenye moshi. Meno yake ya utotoni yalikuwa bado yanang'oka vita vilipopita kijijini kwao. Alichukuliwa pamoja na wengine, akaishia Kabambare, mikononi mwa mama mmoja wa Ujiji aliyeitwa Bibi Hawa. Bibi Hawa hakujaliwa mtoto. Alimwogesha yule msichana, akamvika nguo, akampa jina la Amisa, akamfundisha kusali na kupika wali usioshikana. Mgeni akiuliza huyu ni nani, Bibi Hawa hujibu: "Binti yangu, nilikuja naye toka Ujiji."

Mara ya kwanza Amisa alishangaa. Mara ya pili alinyamaza. Baadaye akaanza kulisema neno hilo mwenyewe, na kila akilisema anaongeza kidogo: mara nyumba ya mawe, mara mashua ya babu. Mimi simlaumu mtoto kwa uongo huo. Siku zile aliyeitwa mshenzi aliweza kutiwa kamba shingoni na yeyote mwenye bunduki, na aliyeitwa mwungwana alilala usingizi wake. Lawama ya Amisa ni ya baadaye, alipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yake na funguo zake kiunoni.

Kitu kimoja tu maji ya Bibi Hawa hayakuweza kukitoa. Chini ya kitovu Amisa alikuwa na chale za kwao, mistari aliyochanjwa na shangazi yake ili awe mtu miongoni mwa watu. Hemedi aliyemwoa aliziona, akaambiwa ni makovu ya ugonjwa wa utotoni, akakubali. Au alijifanya kukubali, kwa kuwa Hemedi hakuwa mjinga. Alikuwa mnyampara wa wapagazi, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi, aliyezijua njia zote za Maniema na chale za watu wote wa njia hizo.

Mtu wa pili aliyeziona alikuwa Nuru, mjakazi wa nyumba. Nuru naye alikuwa Mbangubangu, na hakumficha mtu. Amisa alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Nuru ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo. Mkono wake ulifika kwenye zile chale ukasimama. Amisa akafumba macho, akangoja. Nuru akasema tu, "Bibi, haya maji iko moto sana?" Akaendelea kukanda. Tangu siku hiyo Amisa alimwogopa, na kwa kuwa alimwogopa alimkaripia kila siku kwa sufuria, kwa kuni, kwa namna anavyofagia.

Hemedi alipopata kitu chake kidogo alijenga nyumba. Kuta zilikuwa za udongo uliosawazishwa vizuri, baraza lilikuwa pana la kukalia wageni, na juu ya sebule aliweka dari. Sikia vizuri, dari. Alizipanga boriti, akatandika fito, akakandika udongo juu yake kama alivyoona kwenye nyumba za wakubwa, na kwenye pembe moja akaacha tundu la kupandia kwa ngazi. Juu ya dari ndipo palipokaa makanda ya mpunga, na juu ya mpunga paa la nyasi. Katika mtaa wao hapakuwa na dari nyingine. Hemedi alikuwa akiwaita watu ndani kwa sababu yoyote ile ili mradi wainue vichwa waione.

Wa kwanza kuipenda kwa dhati walikuwa popo. Walipata nafasi pale upenu unapokutana na ukuta, wakaingia. Mwanzo ilikuwa mikwaruzo kidogo saa za magharibi. Kisha kukawa na vilio vyembamba mchana kutwa, vinyesi vyeusi juu ya mpunga, madoa ya mkojo yanayoshuka kwenye dari, na harufu. Lo, harufu ile. Ilishika kwenye nguo na kwenye mikeka. Mgeni akiingia anaguswa puani kabla hajasalimiwa, na kwa adabu yake anajifanya anafuta jasho. Amisa aliiona ile mikono ikipanda usoni, akaona haya hadi masikio yakamwaka moto. Bibi wa Ujiji, na nyumba yake inanuka kama pango.

Haya yote yangeweza kungoja, lakini Hemedi alikuwa ametangaza maulidi. Mwalimu Assumani, aliyeheshimiwa kutoka Nyangwe hadi Kabambare, alikuwa anapita Kasongo, na Hemedi akaomba asome nyumbani kwake, chini ya dari yake. Watu wa heshima walikwisha alikwa. Siku chache kabla ya shughuli Hemedi alisimama uani mchana wa jua kali, akaamuru udongo ukandwe na matundu yote ya upenu yazibwe papo hapo.

Nuru alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Bwana, usizibe muchana," alisema. "Iko ndani wote. Na sasa ni wakati ya watoto, mama anabebaka mutoto kifuani. Ukifunga, watafia mule, ao watatafuta njia ya kutokea kwako sebuleni."

"Weye unajuaje?"

"Kwetu tuliwakamataka, bwana. Kwa kula."

Hemedi akacheka, na wapagazi wake waliokuwa wanakanda udongo wakacheka pia. Nuru hakucheka. Akamgeukia Amisa aliyesimama mlangoni. "Bibi, sema naye. Angoje tu mwezi ufe, watoto waruke. Tunaziba tundu zote, tunabakisha moja, magharibi wakitoka wote tunafunga na ile. Bibi, sema naye."

Amisa alijua kwamba kila neno lilikuwa kweli. Kwao Lusangi baba yake alifanya hivyohivyo kwenye paa la ghala. Kama walitaka kuwafukuza, walingoja watoto waruke, wakaacha tundu moja mpaka wa mwisho atoke. Kama walitaka kitoweo, walilitega tenga kubwa mdomoni mwa tundu, na yeye, msichana mdogo, ndiye aliyepewa upande mmoja wa tenga kulishika, kwa sababu mikono yake haikutetemeka. Baba yake alimsifu kwa hilo mbele ya watu. Katika maisha yake yote ya Lusangi hakuna sifa aliyoikumbuka kuliko hiyo.

Lakini kujua mambo ya popo ni kukiri umewala. Wapagazi walikuwa wanamtazama. Binti Faradji, jirani yake, alikuwa amekuja kuazima kinu, naye anamtazama.

"Mimi nijue nini mambo ya popo?" Amisa alisema kwa ile sauti yake ya Ujiji. "Kwetu hakuna wadudu kama hao. Fanya kazi yako, Nuru, usituletee mambo ya porini."

Nuru alimtazama kidogo tu. Akaokota ungo wake. Matundu yakazibwa, na mpaka jua linashuka ukuta ulikuwa umenyooka, safi, na Hemedi anausifu.

Siku zilizofuata Amisa hakuwa na raha. Aliwasikia juu wakihangaika, wakikwaruza udongo, vile vilio vyembamba vikizidi kisha vikianza kupungua. Mara mbili aliiweka ngazi kwenye tundu la kupandia, na mara mbili aliiondoa. Angeweza hata hapo kumwambia Hemedi faraghani abomoe pande moja la udongo wakati wa magharibi. Angeulizwa umejuaje. Kila alipofika kwenye swali hilo aliona ni afadhali kufagia.

Siku ya maulidi nyumba ilijaa. Wanaume walikaa sebuleni juu ya mikeka mipya, wanawake chumba cha pili nyuma ya pazia. Harufu sasa haikuwa ya popo hai tu, na kwa ajili hiyo Hemedi alitaka ubani mwingi. Kazi ya chetezo ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Amisa alikitia makaa, akatupa ubani, na pahali pa kukiweka palipoachwa wazi ni pembeni, chini ya tundu la kupandia. Alisimama na chetezo mkononi, akatazama juu. Alijua moshi unafanya nini kwa popo. Mtoto yeyote wa Lusangi anajua. Hemedi akamfanyia ishara ya haraka, watu wanangoja, naye Amisa akakiweka chini akarudi nyuma ya pazia.

Mwalimu alisoma kwa sauti nzuri. Ulipofika wakati wa kusimama kumsalia Mtume, watu wote wakasimama, mtu akatupa konzi nzima ya ubani kwenye makaa, moshi ukapanda kama nguzo mpaka kwenye lile tundu. Popo wakashuka. Walishuka kwa pamoja, waliokuwa na nguvu na waliokuwa hawana, wakajigonga kwenye kuta, kwenye kofia, kwenye mabega ya kanzu. Wengine walianguka tu, wakabaki wanatambaa mikekani kwa viwiko vya mabawa. Watu wazima waliojaa heshima walikimbilia mlango mmoja. Wali ulimwagika. Nyuma ya pazia wanawake walipiga kelele, na Amisa alipiga kelele pamoja nao, tena kwa nguvu kuliko wote, maana ndivyo angefanya mtu wa Ujiji.

Popo jike mmoja aliangukia mapajani mwa Mwalimu Assumani, na mtoto wake kifuani, ameng'ang'ania. Mwalimu peke yake hakukimbia. Alimkunja katika ncha ya kilemba chake, akatoka naye taratibu, akamtundika kwenye tawi la mpera.

"Hata misikitini wanakaa," aliwaambia watu waliokusanyika uani. "Si jambo la kuvunja shughuli." Alisema hivyo kwa moyo safi, akataka kurudi ndani amalize. Lakini wageni walikwisha chukua viatu vyao.

Hemedi alibaki katikati ya uwanja, kanzu yake ina madoa. Sijui kama umewahi kumwona mtu mwenye sauti kubwa akikosa sauti. Ndipo mpagazi mmoja, labda kwa kutaka kumsaidia bwana wake, akasema: "Si huyu mama alisema watatokea sebuleni? Alijuaje kama si yeye amewatuma?"

Neno likapita mdomo kwa mdomo, na lilipomrudia Hemedi lilikuwa limekuwa kubwa. Uchawi. Mjakazi amemroga bwana wake siku ya maulidi. Hemedi alilidaka kama mtu anayezama anavyodaka mti, kwa kuwa kurogwa kuna nafuu, na kuziba popo ndani ya nyumba yako kwa amri yako mwenyewe hakuna nafuu. Akaita kwa sauti iliyorudi: "Nuru! Ni weye?"

"Niliwaambia," Nuru alisema. "Niliwaambia tu."

"Umesikia? Anakubali."

Nuru alimtafuta Amisa kwa macho. Amisa alikuwa amesimama kati ya wanawake, kaniki imemfunika mpaka puani. Neno lilikuwa moja tu: hata mimi nilijua. Angelisema, uchawi ungekwisha palepale, ungebaki ujinga wa mume wake na siri ya mkewe, na kwa vitu hivyo hafukuzwi mtu. Nuru alikuwa na binti aliyeolewa palepale Kasongo, mwenye mimba iliyokomaa, na kila mtu wa mtaa alijua anavyoisubiri. Amisa alilifikiria lile neno, akaliona linavyomvua nguo mbele ya Binti Faradji na wengine wote. Akatazama chini.

Na Nuru naye angeweza kusema. Angeweza kusema, muulizeni bibi, mfunueni tumbo mtazame. Hakusema. Hemedi akaamuru apelekwe Kabambare, kwa ndugu yake Abedi, akalime shamba la mpunga, na asionekane tena Kasongo. Msafara uliondoka asubuhi yake. Nuru alipopita mlangoni na mzigo wake kichwani alisema, "Kwaheri, bibi," kama mtu anayekwenda sokoni.

Binti yake alijifungua baada ya siku chache, bila mama. Kila alipokutana na Amisa njiani alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, bibi." Amisa akaanza kupita njia ya nyuma. Popo waliokufa waliteremshwa kwa makapu, mpunga ukamwagwa, dari ikakandikwa upya, na harufu ikaisha. Lakini Amisa aliendelea kuisikia. Aliosha mikeka iliyokwisha oshwa. Habari za samaki wa Ujiji nazo zikapungua kinywani mwake, mpaka watu wakauliza kama anaumwa. Alikuwa anaona aibu, basi, na aibu ile haikuwa ya kunuka kwa nyumba. Ilikuwa na uso wa mtu na mzigo kichwani.

Miaka ikapita hivyo, kisha vita vya Wazungu vikafika Kasongo. Mji ukaangushwa, Hemedi akaenda na bunduki yake asirudi, na ile nyumba ikaungua pamoja na dari yake. Waliosalia walishika njia ya Kabambare kwa miguu. Amisa na watoto wake walitembea pamoja na Binti Faradji, wote wamevaa vumbi, na safari hiyo hakuna aliyekuwa bibi wa mtu. Walipofika karibu na Lusangi, Binti Faradji alitua mzigo apumzike, akatazama vilima.

"Si hapa ni kwenu?" aliuliza.

Amisa alivuta kaniki mpaka puani. "Nani amekwambia?"

"Mama, nani hajui? Toka mwanzo. Unalalaka na homa, unaota kwa Kibangubangu, ukuta mzima tunasikia." Binti Faradji hakusema kwa ubaya. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Tulikuachia tu. Ulikuwa unapenda sana ile ziwa yako."

Akajitwika mzigo, akaendelea. Amisa alimfuata nyuma. Kumbe hapakuwa na siri. Kumbe siku ile uani alikuwa analinda nyumba isiyo na kitu ndani, na kwa ulinzi huo amemtenga mtu na mwanawe. Alikuwa ametunga maneno ya kumwambia Nuru wakikutana, lakini baada ya Lusangi yale maneno aliyaona hayafai hata moja.

Abedi aliwapokea shambani kwake, akawapa kibanda. Nuru alikuwa bado yupo, nywele nyeupe, mkubwa wa wanawake wa shamba. Alipomwona Amisa alimpa maji ya kunawa, akamwambia "Karibu, bibi," akawaita wenzake waje kumsalimu. "Huyu ni bibi yangu wa Kasongo," aliwaambia. "Mutu ya Ujiji." Uso wake haukuwa na dhihaka. Amisa aliitazama midomo yake akitafuta dhihaka, na angeshukuru kuiona.

Kisha popo wakaingia ghala la mpunga. Nuru alingoja watoto wao waruke, ndipo jioni moja akaziba matundu yote, akabakisha moja, akaleta tenga kubwa, maana shambani kitoweo kilikuwa haba. Tenga lilitaka watu wawili. Mwanamke mmoja akamwita Amisa aliyekuwa amekaa karibu.

"Muachieni bibi," Nuru alisema. "Yeye ni wa Ujiji. Haya mambo hayajui." Alilisema haraka na kwa upole, kama unavyomfunika mwenzako nguo iliyoteleza kabla watu hawajaona.

Amisa aliinuka. Akaenda mpaka ghalani, akashika upande wa pili wa tenga pale panaposhikwa, akaliegemeza kwenye tundu kama alivyofundishwa na baba yake. Wanawake wakatazamana.

"Bibi," Nuru alisema polepole, "watu wanakuona."

"Waone."

Nuru hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye tundu. "Sasa waone," alisema. "Siku ile sikuomba watu waone. Niliomba bwana asikie neno yako moja tu."

Jua lilikuwa linazama. Ndani ya paa mikwaruzo ikaanza, kisha popo wa kwanza akatoka. Amisa alikaza vidole kwenye ukingo wa tenga, lakini mikono yake ilitetemeka, tenga zima likatikisika, na popo wakaanza kupenya pembeni. Nuru alimwondoa taratibu, kidole kwa kidole, akalishika tenga peke yake.